Bega la Kushoto, Gari

Pikipiki ilipiga honi nyuma yao, na mkewe akasogea pembeni kabla hajaguswa bega.

Mumewe, mwalimu wa udereva, alibaki na mkono hewani. Hayo hayakuwa makubaliano. Makubaliano ya mbio zao za alfajiri yalikuwa mke atangulie, hedifoni zikiwa kwenye masikio yote mawili, na mume afuate nyuma awe masikio yake. Bega la kushoto, gari. Bega la kulia, pikipiki. Kofi la mgongo, simama.

Mpango aliubuni yeye mwenyewe, baada ya lori kumkosakosa mkewe kwenye barabara kuu. Kwanza alimsihi aache sikio moja wazi. Mkewe, msusi asiyekosa neno, alikataa katakata.

"Sikio moja likicheza na jingine likilala, si nitakimbia nachechemea?"

Basi mume akajitolea kuamka alfajiri. Saluni nzima ilijua. Wateja walisema wengine hununuliwa dhahabu, huyu kapewa masikio.

Naye aliipenda kazi ile. Kukimbia nyuma ya mtu asiyesikia kuna raha yake: unakohoa utakavyo, unaimba ovyo, simu ikiita unaongea bila kunong'ona.

Lakini siku hizi mke alikuwa amebadilika. Hatua zake hazikufuata mdundo wowote. Mara atikise kichwa kama anayembishia mtu. Jana mabega yalimtetemeka, na mume angeweza kuapa kwamba anacheka. Leo, kabla ya ile pikipiki, alimsikia akisema chini chini, "Makubwa haya."

Nani huuambia wimbo makubwa haya?

Kuna mwanamume humo masikioni, alijiambia kwa wivu. Yeye anakatisha usingizi ili amlinde na magari, kumbe anawalindia watu mazungumzo yao! Kweli fadhila za punda ni mateke. Kilichomuuma zaidi hakikuwa hata huyo mwanamume. Ni kule kufanywa mlinzi wa geti katika nyumba anayoibiwa yeye mwenyewe. Alijiona mjinga, na alijihurumia mpaka machozi yakamlenga.

Akapiga kofi la mgongo. Mke akasimama na kugeuka, macho mekundu.

"Nani huyo?"

"Nani yupi?"

"Usinifanye mtoto. Unayeongea naye kila asubuhi, mimi nikikuchungia magari kama mbwa."

"Siongei na mtu, mume wangu."

"Basi lete hizo hedifoni nimsikie."

Alitarajia agome. Mke alizivua zote mbili, akazifuta jasho kwa upindo wa fulana, akamwekea kiganjani polepole, kama mpangaji anayerudisha funguo.

Mume alizipachika masikioni, matusi yakiwa yamejaa mdomoni kwa ajili ya yeyote atakayemkuta.

Hakukuwa na mwanamume. Hakukuwa na wimbo, wala redio. Lori lilipita, akalisikia lote, mpaka mlio wa gia.

"Mbona hazichezi kitu?" Sauti ilimpungua. "Sasa siku zote hizi ulikuwa unasikiliza nini?"

"Wewe," mkewe alisema. "Wewe na mdogo wangu, mkiitana mpenzi kila anapokupigia."