Kisu cha Nakiete

Kila nyumba ilipangiwa namba ya ugumu wa visu vyake; namba ikiwa ndogo, chuma kilikuwa laini na makali hayakudumu. Vinasa sauti ukutani vilisikiliza ugomvi, na ugomvi ulipozidi, namba ilishuka.

Nakiete alimrudishia baba yake, Senzia mfua visu, kisu alichompa siku ya harusi. Namba ya nyumba yake ilikuwa imeshuka kutoka hamsini na nane hadi thelathini.

"Kuna nini kwako?" Senzia aliuliza.

"Vyombo vinaanguka, baba. Kilainishe tu."

Senzia hakutaka mwanawe abaki na kisu laini katika nyumba ya namna hiyo. Mkaguzi wa visu alikuwa na desturi ya kupima karibu na mpini tu. Basi Senzia akayafukia makali ndani ya mchanga uliolowa yasipate moto, akapasha upande wa mpini peke yake ili ulainike. Alipopima hapo, mashine ya ugumu ilisoma thelathini.

"Mkaguzi atakipitisha," alisema.

Nakiete, aliyekulia karakanani, alichukua tupa akaipitisha kwenye makali. Tupa hung'ata chuma laini. Hii iliteleza.

"Mume wangu hajui mambo ya tupa," alisema taratibu, akikifunga kisu kwenye khanga.

Alipokwisha kuondoka, Senzia alikumbuka kwamba namba haisemi sauti ya ugomvi iliyosikika ni ya nani, ya mume au ya Nakiete.