Msalaba wa Nane

Kadi ya marehemu kaka yake ilikuwa safi, na Murugi alijua fika kwamba haikupaswa kuwa safi.

Katika mchezo wao wa vita vya mezani kila askari mdogo wa kuchezea alikuwa na kadi yake, imevishwa mfuko wa plastiki. Askari akijeruhiwa, msalaba ulichorwa juu ya plastiki kwa wino unaofutika. Misalaba minane ilikuwa kifo. Adui ndiye aliyechora, mwenye kadi ndiye aliyefuta, na mwiko huo hawakuwahi kuuvunja. Kaka yake alifariki akiwa ameacha misalaba saba kwenye kadi hiyo. Nani angeifuta?

"Nani ameguza kadi yake?"

"Ati nani? Hii sanduku iko na kufuli tangu mazishi," alisema mwenzake wa mchezo, akipanga askari mezani nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. "Na funguo uko nayo wewe."

Mvua ya mlimani ilipiga mabati. Murugi akaitoa kadi yake mwenyewe, ambayo aliifuta kabla ya msiba. Ilikuwa na misalaba saba, kila mmoja na mkia uliopinda kushoto, vile alivyochora kaka yake.

Akaisugua kwa kidole gumba, akaitemea mate, akaisugua tena hadi plastiki ikalia. Haikufutika. Wino ulikuwa ndani, chini ya plastiki, na bado ulikuwa mbichi.

Akainua macho. Mwenzake alikuwa mbele yake, mikono mitupu.

Nyuma ya Murugi, kifuniko cha kalamu kikafunguka.