Mama Hakuuliza Swali

Kisheria, programu ya simu haitolewi mpaka mama wa mtengenezaji aitumie bila kuuliza swali. Mkaguzi aliketi sebuleni kwa mama, Iringa. Mimi nilikatazwa hata kukohoa.

Nilikuwa nimeufuata mwongozo wote: vitufe vinavyotosha kidole gumba, maandishi makubwa, njia ya kurudi katika kila ukurasa. Mama aliagiza dawa zake za presha, akathibitisha.

"Ndiyo hii tu, Sekela? Na chuo chote kile?"

Mkaguzi alicheka, akasema hilo si swali la matumizi, akaidhinisha. Nilirudi Dodoma nikiwa nimejaa fahari.

Kila Jumapili mama hunipigia nimwelekeze jambo kwenye simu, kisha tunazungumza hadi chai inapoa. Jumapili hii hakupiga. Programu yangu ilinijulisha kwamba dawa zimefika na hakuna msaada uliohitajika.