Lango la Kasisi

Changarawe ziligonga dirisha la nyuma, Bibi Keziah akachomoka na ufagio kupitia mlango wa uani. Ilikuwa Jioni ya Utundu, ile siku ya Novemba ambayo watoto wa Yorkshire, Uingereza, huamini sheria imelala, na lango lisilo na mlinzi hung'olewa. Mwaka jana waling'oa la kwake, kondoo wa mlimani wakaingia, kabichi zake zikaishia matumboni mwao. Mashindano ya kabichi yalikuwa kesho. Kasisi, jirani yake wa juu kilimani, alimshinda kila mwaka, naye alitaka kumshinda walau mara moja kabla hajafa.

Kwenye kichochoro, gizani, akawafumania Wilf, Jabez na dada yao Dinah wamebeba lango.

"Simameni hapo, mabaradhuli nyie!"

Hakuna aliyekimbia. Keziah alirithi kwa bibi yake majina ya kale ya kuwaitia watukutu, na pale kijijini mtoto ambaye hajapewa hata moja hakuhesabiwa mtundu.

"La nani hilo?"

"La Kasisi, Bibi," alisema Dinah kwa unyonge. "Roho imetusuta. Tunalirudisha."

Keziah alisita. Kondoo wakiingia kwa Kasisi, kesho kombe ni la Keziah bila jasho. Lakini ushindi wa hivyo ungemkwama kooni.

"Twendeni. Nitasimamia mwenyewe."

"Tupe majina basi, Bibi, mzigo uwe mwepesi."

Akawamiminia: maayari, wabazazi, vigego, manunda wala vya jirani! Watoto walicheka hadi lango likawaponyoka.

Kwa Kasisi nguzo zilikuwa tupu kweli. Lango likapwaya.

"Baridi imelisinyaza," alisema Jabez.

"Tena linalia kama langu," alinung'unika Keziah. "Kasisi mzima hana mafuta?" Akachukua kamba, akalifunga kwa mkono wake mwenyewe, fundo juu ya fundo.

Aliteremka peke yake, moyo mweupe. Kesho atashinda kihalali. Akafika kwake, akanyoosha mkono gizani asukume lango.

Mkono ukazama kwenye manyoya yenye joto. Mwenye manyoya akaendelea kutafuna.

Nyuma ya ukuta mtu alishindwa kuzuia kicheko. "Haya, Bibi, tupe jipya!"