Mkono Mmoja Mfukoni

Haya alinisimulia mjukuu wangu jana asubuhi, tukikunja nguo. Alikuwa amemsindikiza dada yake, Mama Pacha, kununua kigari cha watoto wawili.

Mkono wa kushoto wa Mama Pacha hauna nguvu tangu utotoni. Tangu ajifungue, alikuwa hajatoka peke yake na wanawe hata siku moja.

Muuzaji alikikunja kigari cha kwanza kwa mikono miwili na goti. "Chepesi, mama!"

"Kaka yangu, tia mkono mmoja mfukoni, ukikunje tena."

Kikamshinda. Cha pili kikambana kidole. "Mama, haya mateso!"

"Yako ya dakika tano tu," akajibu kwa uchovu.

Cha tatu kilikuwa na rangi ya tope. Muuzaji akavuta mkanda katikati ya kiti, kikajikunja chenyewe.

Mama Pacha akauvuta mwenyewe mara tatu. Akakikunjua, wakapakiwa watoto waliokwisha kusinzia mapajani mwa mjukuu wangu, akakisukuma kwa mkono mmoja hadi nje.

"Mama, hujalipa!"

"Nakuachia mdogo wangu rehani."

Mjukuu wangu akainuka amfuate.

"Wewe kaa!" dada yake akamwambia.

Akakaa. Miezi saba amekuwa mkono wa pili wa dada yake. Akaegemea ukuta, na usingizi ukamchukua palepale.