Shujaa wa Njia Panda ya Katito

Mzee Joram Amolo alikuwa anamalizia kumuua Mjerumani wa nne alipoliona koti la kijeshi likipenya katikati ya watu. Fimbo yake, ambayo wakati huo ilikuwa bunduki, ikabaki hewani.

Ilikuwa mwaka wa 1967, pale Katito, njia ya Kendu Bay inapochepuka. Jiwe la ukumbusho lilisimama kando ya barabara, limefunikwa shuka ya mke wa chifu. Liliandikwa kwamba katika vita vya 1914 askari walitoka Kisumu kwa meli, wakashukia Kendu, wakapanda milima kwa miguu kwenda kupigana na Wajerumani kule Kisii. Na kwa kuwa lokesheni nzima haikuwa na mwingine aliyeviona vita vile, Joram ndiye aliyepewa heshima ya kusimulia na kuvuta shuka.

Taabu ni kwamba Joram hakuviona. Siku zile mama yake alimficha ndani ya ghala la mtama, na adui pekee aliyekabiliana naye alikuwa panya. Uongo wa kwanza aliutoa ili apate mke, akampata. Wa pili ukampatia kiti cha mbele kanisani. Baada ya hapo, ni nani angerudi nyuma?

"Karibu mbele, karibu!" Chifu Oketch alimlaki mwenye koti. "Wananchi, huyu ni Mzee Shitanda, ametoka Kakamega. Na yeye alipigana Kisii! Leo wakongwe wawili wanakutana!"

Shitanda akapiga saluti iliyotikisa medali zote kifuani. Moja ilikuwa na picha ya ng'ombe. Joram akawaza kwamba bila shaka alitunukiwa kwa kuteka mifugo ya adui.

"Baba Elsie," mkewe Apiyo akamnong'oneza, "mbona jasho linakutiririka na jua limejificha?"

"Ni kumbukumbu," akajibu.

Akatafuta pa kutokea. "Mgeni ametoka mbali. Apewe chakula kwanza!"

Shitanda akaletewa samaki mzima aina ya ngege na mlima wa ugali. Akausawazisha wote kabla Chifu hajamaliza kuomba baraka.

"Basi yeye ndiye asimulie," Joram akasema kwa unyonge.

"Hapana, hapana!" Shitanda alifuta mdomo haraka. "Endelea wewe, Mzee. Mimi nitasikiliza. Na tafadhali, pole pole."

Joram akaendelea, maskini. Alikuwa bado na Mjerumani wa nne mkononi, hajui amtupe wapi. Kwa kubabaika akasema kwamba walifika mtoni, wakakuta maji yamefurika, ikabidi wavuke juu ya mgongo wa kiboko.

Watu wakatazamana. Apiyo akaziba uso kwa leso.

"Kiboko?" Chifu akamgeukia mgeni. "Jaduong', mzee wetu Shitanda, wewe ulikuwepo. Ni kweli?"

Joram akafumba macho. Aliona kiti chake cha kanisani kikitolewa nje, na watoto wakimkimbiza sokoni wakimwita Mzee Kiboko hadi siku ya kufa.

Shitanda akainuka taratibu, akajikohoza.

"Kiboko," akasema. "Ndiyo! Mimi ndiye niliyeshika mkia!"

Vigelegele vikapasua anga. Shitanda akamkumbatia Joram mpaka mbavu zikalia, wakavuta shuka pamoja, na Chifu akaanzisha wimbo ambao hakuna aliyeyajua maneno yake. Joram alilia machozi ya kweli. Kumbe mashujaa halisi ndivyo walivyo, aliwaza. Mtu aliyeonja risasi amekubali kumsitiri mwongo mbele ya umati, bila hata kukonyeza jicho.

Akaapa kumwambia ukweli na kumwomba radhi, wao wawili tu. Lakini Shitanda ndiye aliyemwahi. Alimshika mkono, akampeleka nyuma ya jiwe, akatazama kushoto na kulia.

"Bwana," Joram akaanza, "naomba unisa—"

"Ssh! Nisaidie kwanza, Mzee. Kesho nimealikwa Kisii, kuna jiwe lingine, na nasikia watu wa huko wanapenda maswali." Akasogeza mdomo sikioni mwa Joram. "Hebu niambie: hao Wajerumani walikuwa wenzetu, ama ndio wale wengine?"