Maji ya Saba

Kashindye, jirani yetu mwenye shamba la tumbaku Goweko, alitua kikapu barazani. Ndani yake mtoto wa mbwa alikuwa anatetemeka.

"Nimekuletea mbwa uliyemtaka," aliniambia.

"Mrudishe," mama alidakia. "Mwanangu ana selimundu. Mifupa ikimshika, hata khanga hawezi kujifunga. Mbwa atamlisha saa ngapi? Na akimlamba, ataosha najisi mara saba kwa nguvu zipi? Humu ndani tunaswali."

Nilikuwa na siku nne tu tangu nitoke wodini, hospitali ya Kitete, na vidole vyangu vilikuwa bado vimevimba. Lakini nina miaka thelathini na moja, na miaka yote nimeisikia hiyo "hawezi".

Nikaingiza mkono kikapuni. Mbwa akanilamba kidole kimoja kimoja. Ulimi wake ulikuwa na joto, na joto hilo likanipenya mpaka kwenye viungo.

"Astaghfirullah! Usiguse kitu, nakuletea maji."

"Kaa, mama."

Nilikwenda uani mwenyewe. Nikausugua mkono kwa udongo, nikainua dumu, nikamimina. Moja. Mbili. Kufika mara ya nne, kiwiko kiliuma mpaka machozi yakanitoka. Nikazidi kuhesabu kwa sauti, mama asikie.

"Saba!"

Nikarudi barazani, mkono unachuruzika maji. Mama alikuwa amesimama na taulo.

Nikampita, nikachuchumaa, nikaurudisha mkono uleule kikapuni.

"Lamba tena," nikamwambia mbwa. "Maji yapo."